Fremu ya Baiskeli Imepasuka: Tuichomelee au Tuibadilishe?



Hapa kwetu Kinanie maji ni ya kutafutwa, na barabara nyingi ni za vumbi na mawe. Pikipiki zimechukua kazi nyingi, lakini pikipiki inataka petroli kila siku. Baiskeli inataka miguu tu. Ndiyo maana vikundi bado vinanunua baiskeli kwa pesa za mchango: ya kuteka maji, ya kupeleka nyanya na sukuma wiki sokoni, ya kumfikisha kijana kibaruani kule Athi River.

Siku fremu inapopasuka, maneno huanza. Mweka hazina anasema, "Tuipeleke kwa fundi achomelee, ni pesa kidogo tu." Anayeiendesha anasema anaogopa. Mwingine anataka inunuliwe nyingine, na pesa hazipo. Somo hili ni la kuwasaidia kuamua bila kugombana na bila kumhatarisha mtu. Twende hatua kwa hatua.

1. Jueni kwanza fremu ni ya nini

Zile baiskeli nyeusi tunazoita Black Mamba ni za chuma. Lakini siku hizi kuna nyingi za mitumba, zenye gia na magurudumu mapana, ambazo zimetoka ng'ambo. Baadhi yake ni za aluminiamu. Ukiitazama rangi huwezi kujua. Tafuteni sumaku, hata ya spika ya redio iliyokufa, muiguse kwenye fremu. Ikishika, hiyo ni chuma. Isiposhika na fremu ni nyepesi yenye paipu nene, karibu kila mara ni aluminiamu. Jaribuni kwenye paipu yenyewe, si kwenye nati wala keria, maana hizo mara nyingi ni chuma hata kama fremu sio.

2. Je, ni ufa kweli?

Mara nyingine ni rangi tu iliyokwaruzwa. Osheni mahali pale, pakauke. Pakeni mafuta ya taa kwa kitambaa, mngoje kama robo saa, kisha mpanguse mpaka pawe pakavu kabisa. Halafu nyunyizeni unga wa chaki ya shule. Kama kuna ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatatoka polepole na kuchora mstari wa unyevu kwenye chaki. Mwisho wa mstari huo ndio mwisho wa ufa. Kama kuna ufa, baiskeli isiendeshwe tena hadi mtakapoamua. Ufa hauponi. Unatembea.

3. Chuma na aluminiamu si ndugu

Chuma ni kivumilivu. Paipu za Black Mamba zimeunganishwa kwa soketi na brasi iliyoyeyushwa, na fundi mzuri wa gesi anaweza kurudia kazi ile ile: anasafisha, anatoboa kitundu kidogo mwisho wa ufa ili usiendelee, anafunika kwa kipande cha chuma na kuziba kwa brasi. Mwambieni atumie gesi, si stimu. Paipu ya baiskeli ni nyembamba, na moto wa stimu kwenye mkono usio mwepesi hutoboa mashimo.

Aluminiamu ina tabia nyingine. Kwanza, ina ngozi nyembamba ya oksidi isiyoyeyuka hadi nyuzi zaidi ya 2,000, lakini nyama yake ya ndani huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Tena haiwi nyekundu kwanza kama chuma ili kumwonya fundi. Kwa hiyo inahitaji mashine maalumu yenye gesi ya agoni.

Pili, na hili ndilo kubwa, aluminiamu ya fremu si ile laini ya sufuria. Imechanganywa na madini mengine, na fremu nyingi huokwa kiwandani baada ya kuunganishwa: zinatiwa katika tanuri ya nyuzi zaidi ya 500, zinapozwa ghafla, kisha zinaokwa tena kwa moto wa chini kwa saa nyingi. Nguvu inatoka huko. Fundi akipitisha moto juu yake, sehemu iliyo kando ya mshono hulainika na inaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Ili zirudi, fremu nzima ingerudi katika tanuri kama ile ya kiwandani. Fundi wetu wa jua kali, hata awe hodari namna gani, hana tanuri hiyo. Mshono utang'aa vizuri, mtamlipa na kumshukuru, halafu ufa mpya utazaliwa pembeni yake.

Tatu, kila baiskeli inaporuka shimo, paipu hupindika kidogo sana na kurudi. Chuma kisichozidishiwa mzigo kinaweza kuvumilia hayo miaka na miaka. Aluminiamu haisahau. Kila mtikisiko unaongezwa kwenye hesabu, mpaka siku moja hesabu inatimia.

Basi kanuni yetu ni hii: fremu ya chuma inaweza kutengenezwa, fremu ya aluminiamu iliyopasuka, ya kubeba mtu na mzigo, ibadilishwe. Kuifunga kwa waya, gundi au mpira wa tyubu si kutengeneza. Ni kuuficha ufa. Mwenye mashine ya agoni anaweza kuwachomelea keria ya aluminiamu au kitu kingine kisichoshika maisha ya mtu, lakini si fremu.

4. Ufa uko wapi?

Hata kwa chuma, mahali pa ufa panahesabika. Ukiwa karibu na kiti au kwenye masikio ya gurudumu la nyuma, baiskeli kwa kawaida hulegea na kutoa mlio kabla ya kukatika. Ukiwa kwenye kichwa cha fremu, pale usukani unapoingia, au kwenye foko ya mbele, haitoi onyo la kutosha. Ikikatika mnateremka, mwendeshaji anaanguka kwa uso. Foko iliyopasuka, iwe ya chuma au ya aluminiamu, msiichomelee. Nunueni nyingine.

5. Pigeni hesabu yote, si ya leo tu

Tuseme, kwa mfano tu, fundi anataka shilingi 600 kuchomelea fremu ya aluminiamu. Fremu ya chuma iliyotumika ni 3,000, na kuhamisha vipuri ni 700. Watu wataona 600 na kupiga makofi. Ngojeni kwanza.

Baiskeli inaingiza shilingi 200 kwa siku. Mshono ukikatika mara tatu kwa mwaka, na kila mara mpoteze siku tatu za kazi, kila mara ni 600 za fundi na 600 za kazi iliyopotea. Jumla ni 3,600. Kubadilisha fremu ni 3,700, pamoja na siku mbili za kungoja ambazo ni 400. Jumla ni 4,100.

Tofauti ni shilingi 500 mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili, fremu iliyobadilishwa haidai tena, na ile ya mshono inaanza upya. Tena hatujaandika meno ya kijana wala mkono uliovunjika. Hizo pesa 500 msiziweke akiba kwa mwili wa mtu mwingine.

Weka bei za kwenu mahali pa hizi zetu. Na siku ya kuamua, yule anayepanda baiskeli hiyo asikilizwe wa kwanza. Akisema haipandi, mkutano usimshinde kwa kura.

6. Kabla ya kununua fremu

Nendeni na sumaku mfukoni. Nendeni pia na gurudumu la nyuma, foko na nguzo ya kiti, mvijaribu palepale. Baiskeli ya mitumba mara nyingi ina magurudumu ya inchi 26 na Black Mamba ina ya 28, kwa hiyo fremu ya moja haipokei vipuri vya nyingine kwa urahisi. Ombeni fremu ya chuma ya aina ileile ya gia. Magurudumu, breki, cheni na kiti vya zamani mtavitumia.

Fremu mbovu ikateni vipande viwili kwa msumeno kabla ya kuiuza kama chuma chakavu. Mkiiuza nzima, kuna mtu ataipaka rangi na kumuuzia mama wa watu. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mnunuzi awe na leseni, basi muulizeni awaonyeshe.

7. Kwa nini ilipasuka?

Msipojibu swali hili, hata fremu mpya mtaichomelea. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji. Mitungi minne ni kilo 80, na mwendeshaji wa kilo 65 anafanya 145. Baiskeli nyingi za gia zilitengenezwa kwa mtu mmoja na mfuko mgongoni. Hata baiskeli ya Buffalo, ambayo ni ya chuma kizito na ilibuniwa kwa kazi ya vijijini Afrika, keria yake imepangiwa kilo 100.

Angalieni pia haya. Nguzo ya kiti ikivutwa juu kupita alama yake, inapasua paipu ya kiti kama kabari. Keria ikibanwa kwa nguvu kwenye paipu nyembamba, inaibonyeza, na ufa unaanzia hapo. Kwa mizigo ya maji, mitungi miwili au mkokoteni wa kuvutwa ni afadhali kuliko minne juu ya fremu ya aluminiamu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Baiskeli yetu ni ya chuma au ya aluminiamu? Nani ataleta sumaku kwenye mkutano ujao?
2. Tunapakia kilo ngapi kwa safari moja, pamoja na mwendeshaji?
3. Nani ana kazi ya kuikagua fremu kila mwisho wa mwezi, na anaandika wapi alichokiona?
4. Tukiweka shilingi 20 kila siku baiskeli inapofanya kazi, itachukua miezi mingapi kupata bei ya fremu?

Swali la nne lijibiwe leo, baiskeli ikiwa bado nzima. Kikundi chenye akiba ya fremu huamua kwa utulivu. Kisichokuwa nayo huamuliwa na bei ya fundi.