Msifukie Bomba Kabla Halijakaguliwa

Wengi wetu tukivuta maji nyumbani humwita fundi, tukamlipa, na mtaro ukafukiwa siku hiyohiyo. Tunafurahi, kumbe pengine tumekaribisha ugonjwa.

Mwaka 1933, huko Chicago, Marekani, mabomba mabovu katika hoteli mbili yaliruhusu maji ya choo kuchanganyika na maji ya kunywa. Watu zaidi ya 1,000 waliugua kuhara damu kwa amiba, na 98 walifariki.

Je, uchafu huingiaje? Maji yakija kwa nguvu, bomba lenye ufa huvuja nje. Yakikatika, ufa uleule hufyonza maji machafu yaliyo kando yake. Hivyo homa ya matumbo na kipindupindu hupata njia.

Kabla ya kumaliza kumlipa fundi, hakikisheni haya:

1. Mkaguzi wa mamlaka ya maji aone kazi mtaro ukiwa bado wazi.
2. Bomba la maji safi lisilazwe pamoja na la choo. Yakipishana, la maji safi lipite juu.
3. Fungeni mabomba yote, kisha tazameni mita. Ikizunguka, maji yanavuja.
4. Mpira wa maji usizamishwe ndani ya pipa. Maji yakikatika, uchafu wa pipa hurudi bombani.

Baada ya matengenezo, acheni maji yatiririke mpaka yatakate, na ya kunywa myachemshe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kosa lililofukiwa ardhini halionekani tena, mpaka mtoto aanze kuharisha.