SOMO LA LISHE: JUISI SI TUNDA

Ndugu mzazi, somo letu safari hii ni juisi ya matunda. Umeambiwa kliniki kwamba matunda ni mazuri kwa mtoto, na hilo ni kweli. Lakini je, juisi ni sawa na tunda?

Chukua machungwa matatu. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kuyala yote kwa mara moja. Akila nusu ya chungwa moja ametosheka. Sasa yakamue. Yatatoa kikombe kimoja hivi, na mtoto yule yule atakimaliza mara moja. Amekunywa sukari ya machungwa matatu, na nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio. Tumbo lake ni dogo. Likijaa juisi, uji anaukataa, samaki anamkataa, hata ziwa la mama anageuza uso. Mama analalamika kwamba mtoto hana hamu ya kula, kumbe ameshibishwa maji matamu.

Hiyo ni juisi ya tunda lenyewe. Ile ya unga wa pakiti ni sukari, rangi na harufu ya tunda. Wapo wanaoinunua kwa sababu ni nyekundu, wakiamini inaongeza damu. Haiongezi. Damu hutaka madini ya chuma, nayo yamo kwenye samaki, dagaa, maini, kunde na mboga za majani kama matapa. Vitamini C ya papai au embe husaidia mwili kuyapokea madini yaliyomo kwenye majani hayo. Basi mtoto akishakula matapa yake, mpe kipande cha papai bivu kilichopondwa. Unga wa ubuyu, ambao wengi hapa huuita malambe, ukoroge ndani ya uji badala ya kuufanya kinywaji. Ondoa kokwa zote, zisije zikamkaba.

Anywe lini, na kiasi gani?

Mpaka miezi sita, maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Kuanzia hapo mpe chakula cha kuponda na uendelee kumnyonyesha hadi miaka miwili au zaidi. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2017 unasema asipewe juisi kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na kati ya mwaka mmoja na mitatu isizidi mililita 120 kwa siku. Hiyo ni kama nusu kikombe cha chai. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2023, lilisema watoto wa miezi 6 hadi 23 wasipewe vinywaji vya sukari. Ukiamua kumpa juisi, iwe pamoja na chakula, kwa kikombe cha wazi. Chupa ya chuchu ni ngumu kuisafisha, na mtoto anayelala nayo mdomoni huoza meno.

Maji yake yametoka wapi?

Vamizi ni kisiwa cha matumbawe, na maji baridi ni ya kutafutwa. Visiwa vya Vamizi na Mecungo viliposhambuliwa Septemba 2020, na Palma Machi 2021, watu walitawanyika, na maji yakawa ya foleni na ndoo. Mwaka huo wa 2020 kipindupindu nacho kilikuwepo Cabo Delgado. Sukari haiui vijidudu, na limau la kukamulia halitoshi. Maji ya kuchanganyia juisi yachemshwe au yatiwe Certeza kama chupa inavyoelekeza.

Mtoto akiharisha

Hapa ndipo juisi inapodhuru zaidi. Sukari nyingi huvuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza kwenye utumbo, choo kinazidi kuwa maji, na mtoto anakauka. Wazee wetu hutoa maji ya dafu. Dafu lililokatwa papo hapo ni afadhali kuliko juisi au soda, lakini chumvi yake haitoshi. Dawa ni ORS, ambayo wengi huiita soro. Changanya pakiti nzima kwa lita moja ya maji salama, au kama pakiti yenyewe inavyosema. Baada ya saa 24 mwaga iliyobaki. Kila anapoharisha, aliye chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe, kwa kijiko, polepole. Akitapika, ngoja dakika kumi kisha uendelee. Mnyonyeshe zaidi, na usimnyime chakula. Kituoni omba pia vidonge vya zinki, na umpe siku zote ulizoambiwa hata kama kuharisha kumekoma.

Macho yakibonyea, au akishindwa kunyonya, au ukiona damu kwenye choo, au akilala kupita kawaida na haamki vizuri, mpeleke kituoni saa hiyo hiyo, na njiani endelea kumpa soro kama bado anaweza kumeza.