Kabla Hujaandika "Toroli Mbili za Mchanga"

Anayesoma ushauri wako wa ujenzi huenda ameshachukua mkopo wa Saccos na lori la mchanga liko njiani. Ataufuata neno kwa neno. Kwa hiyo kabla hujachapisha, pitia kila kipimo ulichoandika na ujiulize: mafundi wawili wasiojuana wakikisoma, watachanganya kitu kilekile?

Chukua zege. "Mfuko mmoja wa saruji, toroli mbili za mchanga, nne za kokoto" ni kumwachia msomaji abahatishe. Toroli hazilingani, tena mmoja huijaza ikafanya kichuguu, mwingine huisawazisha kwa ubao. Uwiano wa 1:2:4 una maana chombo kikiwa kimoja: ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, zote zimesawazishwa mdomoni. Ongeza kwamba mchanga wenye unyevu huvimba, hivyo ndoo yake ina mchanga pungufu kuliko ndoo ya mchanga mkavu. Na "maji ya kutosha" si kipimo. Fundi akiona zege zito ataongeza tu, na maji yaliyozidi yakishatoka huacha vitundu vinavyolidhoofisha. Andika lita 25 hadi 30 kwa mfuko wa kilo 50, ukihesabu na maji yaliyomo mchangani.

Toa na sababu. Ukisema tu "mwagilia siku saba", msomaji ambaye maji ya bomba yamekatika ataacha siku ya pili. Akijua kwamba zege halikomai kwa kukauka kama nguo, bali kwa saruji kushikana na maji, atatafuta magunia, ayalowanishe na kulifunika.

Kwenye mbao, neno linalopotosha kuliko yote ni "kavu". Kila muuzaji atakuambia yake ni kavu. Mpe msomaji njia ya kuhakikisha: akate kipande katikati ya ubao, maana ncha hukauka mapema, akipime kwenye mizani ya jikoni, akiweke ndani penye hewa, akipime tena kila baada ya siku chache. Kikiendelea kupungua uzito, mbao hiyo haijafaa mlango. Mweleze pia kwamba mbao husinyaa kwa upana, kwa urefu ni kidogo sana. Ndiyo maana paneli ya mlango haigandishwi kwa gundi kwenye fremu. Huachwa icheze mferejini, la sivyo itapasuka.

Nondo za nguzo na slabu ya ghorofa usizitolee ushauri wa jumla, hata ukibembelezwa. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu wakafa. Maswali hayo mpelekee mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Kama muuzaji amekupa saruji au rangi bure, liseme hilo mwanzoni kabisa.

Mimi andiko langu hulipeleka saiti kwanza, nikamwomba fundi alisome kwa sauti. Anaposita na kuuliza "ndoo ipi?", hapo ndipo pa kuandika upya. Na kosa likigundulika baada ya kuchapishwa, taja kipimo kilichokosewa, kipimo sahihi, na cha kufanya kwa yule ambaye zege lake limeshamwagwa.