Klachi Mpya na Flaiwili Nyepesi: Somo la Pikapu ya Viazi

Mtu wa kazi yangu huitwa wakati watu wameshagombana. Ndivyo nilivyoitwa na kikundi kimoja cha wakulima wa viazi upande wa Keringet. Wana pikapu moja, Hilux ya petroli yenye injini ya 22R, waliyoinunua kwa mkopo, na katika miezi minne ilikuwa imeunguza klachi mbili. Viazi vilioza kando ya barabara, malipo ya mkopo yakachelewa. Kwenye mkutano kijana dereva alisimamishwa mbele ya wazee akaambiwa kwamba anakanyaga klachi kama mtu anayekanyaga udongo wa kukandika nyumba. Walikuwa tayari kumfukuza na kumdai pesa zote.

Mimi si fundi. Haya ninayoandika niliyajua kwa kuuliza maswali gereji mpaka fundi akachoka nami. Lakini niliwaomba wazee: hebu tungojeni gia boksi ishushwe, tuone kilicho ndani, kisha mtoe hukumu.

Iliposhushwa tukaona flaiwili inayong'aa, ya aluminiamu. Dereva akakiri: flaiwili ya zamani ilipokwaruzika, alipewa ruhusa kununua nyingine, na muuzaji mmoja akamwambia hii ni ya rali, gari litakuwa jepesi kama swara. Tukazichukua zote mbili tukazipima kwa mizani ya viazi. Ya zamani ilizidi kidogo kilo 10. Hii mpya haikufika kilo 6. Mzee mmoja akasema, "Si ni afadhali basi, uzito umepungua?" Hapo ndipo somo linapoanzia.

Flaiwili ni lile gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya injini. Umeona injini ya Lister kwenye kinu cha posho? Ile ina magurudumu makubwa ubavuni, na ukiizima bado yanaendelea kuzunguka kwa muda. Uzito ule unaweka akiba ya nguvu, ndiyo maana kinu hakishtuki ukimwaga mahindi mengi kwa ghafla. Flaiwili ya gari inafanya kazi hiyo hiyo. Unapoachia klachi ukiwa na mzigo, injini hukopa kidogo kutoka kwa akiba hiyo ili gari liondoke bila kuzimika.

Ukipunguza uzito kwa nusu, na umbo likiwa lile lile, akiba nayo inabaki nusu. Dereva anajaribu kufidia kwa kukanyaga mafuta. Kama zamani aliondoka na mizunguko 1,500 kwa dakika, sasa anahitaji zaidi ya 2,100 ili apate akiba ileile. Kwa hiyo pleti inateleza kwa kasi kubwa zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na kuteleza ni moto.  Ile harufu ya kuungua waliyokuwa wakiisikia mlimani ndiyo hiyo.

Sasa ongeza nchi yetu yenyewe. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na taabo inapoteza karibu robo ya nguvu zake ukilinganisha na Mombasa. Weka magunia ishirini ya kilo 50 nyuma, halafu simama katikati ya mlima kwenye matope kwa sababu ng'ombe wanavuka. Kijana huyo angefanya nini?

Gari la rali ni jambo lingine kabisa. Tangu Safari Rally iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, ikiwa na makao Naivasha, vijana wetu wanaona magari yakipita Elmenteita na Soysambu na wanataka spea kama zile. Flaiwili nyepesi inafaa pale, kwa sababu injini inapanda na kushuka mizunguko haraka dereva anapobadilisha gia. Lakini gari lile halibebi viazi, na mafundi wanalingojea na sanduku la spea. Sisi mafundi wetu wako mbali na spea ni za mkopo.

Klachi ya pili ilikuwa na kosa lingine pia, nalo dereva asingeweza kuliona. Flaiwili ya aluminiamu hubandikwa bamba la chuma mahali pleti inaposugua, kwa maana aluminiamu yenyewe haivumilii msuguano. Kwenye hii, pleti ilikuwa pana kuliko bamba. Ukingo wake ulikuwa umechimba duara kwenye aluminiamu, na unga wake umejaa kila mahali.

Kwa hiyo ukinunua klachi, usitaje jina la gari pekee. Beba pleti ya zamani na flaiwili mpaka dukani. Linganisha upana wa pleti na sehemu ya kusugua. Hesabu meno ya ndani ya pleti, yaingie kwenye shafti ya gia boksi bila kulazimishwa. Matundu ya presha pleti na pini zake yakae sawasawa. Flaiwili nyingine zimetobolewa kwa saizi mbili, na fundi mwenye haraka anaweza kukosea. Angalia kimo cha presha pleti na rilizi beringi, maana vikitofautiana klachi itakataa kuachia au itateleza daima. Meno ya staata pia, yasisahaulike.

Pikapu nyingi za dizeli za siku hizi zina flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani yake, na kwa kawaida pleti yake haina springi. Ukiweka flaiwili ya kipande kimoja ni lazima ununue pleti yenye springi, la sivyo gia boksi itapiga kelele na kuumia.

Na tafadhali, mtu asikudanganye kwamba atakukerezea ya chuma cha kalibu mpaka iwe nyepesi. Chuma kile kikidhoofishwa kinaweza kupasuka kikizunguka kwa kasi, na vipande hupita kwenye sakafu ya gari penye miguu ya watu.

Ile ya zamani ilikuwa imetupwa nyuma ya banda la kuku. Haikuwa na ufa, ila mikwaruzo na madoa ya bluu ya moto. Fundi wa kukereza aliisawazisha kidogo tu, ikafungwa na klachi ya saizi yake, bolti zikakazwa kwa mshazari. Kwa kilomita 500 za kwanza walibeba nusu ya mzigo, jambo lililowauma sana kwa kuwa ilikuwa msimu.

Mkutano ulikaa tena. Walikubaliana dereva alipe bei ya flaiwili aliyoichagua, kidogo kidogo, na klachi mbili zibebwe na kikundi, kwa sababu katibu ndiye aliyetia sahihi bila kuuliza. Mzee aliyemsema vibaya alimwomba radhi, ingawa kwa sauti ya chini. Ile nyepesi iko stoo. Kijana mmoja wa Nakuru mwenye Celica ya injini hiyo hiyo amekuja mara mbili kuitazama, ila bei bado hawajapatana.