Wazee Waende Kuipeleleza Nchi

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi

Soma kwanza: Hesabu 13:17–33, Yoshua 14:6–14, 2 Samweli 19:31–40, Zaburi 48:12–14



Katika parishi zetu za Tarime na Serengeti kila kundi lina safari zake. Wanakwaya huenda kwenye mashindano, vijana huenda kwenye makambi, na akina mama huenda kwenye mikutano yao. Lakini mtu akishastaafu, aghalabu safari zake hubaki tatu tu: hospitali, mazishini, na benki kuulizia pensheni. Hakuna amwalikaye kwenda kuona jambo jipya, na baada ya miaka michache hata yeye mwenyewe huamini kwamba hana tena la kujifunza.

Somo letu la leo lahusu safari za mafunzo kwa wastaafu, wazee kwenda pamoja mahali fulani ili waone, waulize, na warudi na neno la kuwaambia wengine. Na tunaposema wastaafu tusiwafikirie wenye pensheni peke yao. Ni kweli kwamba mtumishi wa Serikali kwa kawaida hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na miaka 60, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu mtu kuwa mzee tangu miaka 60. Lakini mama aliyelima mtama na mihogo maisha yake yote bila mshahara, naye amestaafu siku mgongo ulipokataa jembe. Huyo naye apewe kiti.

1. Musa alitoa maswali kabla ya safari

Wale watu kumi na wawili hawakutumwa Kanaani kutembea tu. Katika Hesabu 13:17–20 Musa aliwapa maswali kama mwalimu anayewapeleka wanafunzi wake nje ya darasa. Watazame watu wa nchi ile, kama ni wachache au wengi, hodari au dhaifu. Watazame ardhi, kama ina rutuba au haina. Watazame miji, kama ni kambi au ngome. Watazame kama kuna miti. Mwisho walete matunda ya nchi, ili waliobaki waone kwa macho yao.

Hapa kuna tofauti kati ya matembezi na mafunzo. Mwenye kutembea hurudi na uchovu. Mwenye kujifunza hurudi na majibu. Kwa hiyo kikundi chochote kinachotaka kusafiri kikutane kwanza, walau mara moja, kitoe maswali matano au sita na kuyaandika. Kila msafiri achukue swali moja kuwa lake. Asiyejua kusoma alishike kichwani. Wazee wetu walishika nasaba za vizazi kumi bila daftari.

Jambo hili si geni ulimwenguni. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Toulouse huko Ufaransa kilifungua masomo kwa ajili ya wastaafu, na mpango huo ukaenea nchi nyingi. Ulipofika Uingereza mapema katika miaka ya 1980, wastaafu walianza kufundishana wao kwa wao, bila mitihani wala vyeti. Wala si geni kwetu. Mwaka huohuo wa 1973 Tanzania ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wengi wa wazee wa leo walikuwa vijana katika vikundi hivyo. Wakumbushwe tu.

2. Mahali huamsha kumbukumbu

Mwanahistoria mmoja wa Kimarekani, Jan Bender Shetler, alikaa na wazee wa mkoa wetu wa Mara na kujifunza kwao. Mwaka 2003 alitoa kitabu cha historia zilizoandikwa na wenyeji wenyewe, na mwaka 2007 akatoa kingine juu ya Serengeti. Jambo moja kubwa alilolionyesha ni kwamba wazee wa huku hushika historia kwa mahali: mlima fulani, kisima fulani, mahame fulani. Mzee ukimwuliza nyumbani kwake mambo ya zamani, atasema amesahau. Mfikishe penye jiwe lile, naye ataanza kusimulia.

Tunalijua hili sisi wenyewe. Vuka daraja la Kirumi ukiwa na wazee garini, utawasikia wakisema juu ya kivuko kilichokuwapo kabla ya daraja, jinsi watu walivyongoja, na nani alivushwa pale akienda kujifungua Musoma. Kijana anayevuka kwa dakika moja huku akitazama simu hajui kwamba mto Mara uliwahi kuwa mpaka wa safari.

Kadhalika Serengeti. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1951, na mwaka 1981 ikatiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ina kilomita za mraba 14,763. Kila mwaka wageni kutoka Ulaya na Marekani huvuka bahari kuja kuitazama, lakini wapo washarika wa Mugumu, Nata na Robanda ambao hawajaingia lango la Ikoma hata mara moja. Wapo pia wazee wa Kiikoma, Kinata, Kiisenye na Kingoreme waliopewa na baba zao majina ya mahali palipo ndani ya hifadhi leo. Raia hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni. Watu wa namna hiyo wakiingia pamoja na mwongoza wageni kijana, atawafundisha habari za nyumbu, nao watamfundisha majina ya vilima. Wote wawili watarudi wamejifunza.

3. Butiama, nyumbani kwa mstaafu

Kwa safari ya kwanza napendekeza Butiama. Ni karibu, na watu wa Tarime hupitia Kirumi na Makutano, na watu wa Mugumu hupitia Nata na Isenye. Pale Mwitongo pana makumbusho ya Mwalimu Julius Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, na pana kaburi lake.

Wanafunzi wa shule huenda pale kujifunza habari za uhuru. Wastaafu waende na swali lao wenyewe: Mtu huyu alifanya nini baada ya kustaafu? Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922. Akaanza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri ambao siku hizi mtoto anakaribia kumaliza darasa la saba. Mwaka 1985 aliacha urais kwa hiari yake, akarudi kijijini kulima. Hakuketi kungoja kufa. Habari za Injili alizitia katika tenzi za Kiswahili, zikachapwa mwaka 1996, na tangu mwaka huo akawa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, akiwa na umri wa miaka 74. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, kazi hiyo ikiwa bado mkononi.

Sisi hatutasuluhisha nchi. Lakini kila mmoja wetu anaweza kutoka pale akijiuliza ni shamba gani, ni utenzi gani, ni ugomvi gani wa jirani, Mungu amemwachia kwa miaka iliyobaki.

4. Taarifa iwe ya kweli

Wapelelezi wote kumi na wawili waliona nchi ileile kwa siku arobaini. Kumi walirudi na habari za kutisha, wakajiona kama panzi mbele ya majitu, nao watu wakalia usiku kucha. Wawili tu, Yoshua na Kalebu, walisema kweli kwa imani. Kizazi kizima kikaangamia jangwani kwa sababu ya taarifa mbaya ya watu wenye heshima.

Ndugu, neno hili latuhusu sana. Katika wilaya zetu damu imemwagika kwa mapigano ya koo na kwa wizi wa ng'ombe, hata Serikali ikaona lazima kuunda Kanda Maalumu ya Polisi ya Tarime na Rorya. Vijana ndio hushika pinde na mapanga, lakini maneno huyapata wapi? Huyapata jioni, kwa wakubwa. Mzee akisema ukoo ule wote ni wezi, kijana huamini, kwa kuwa aliyesema ana mvi. Na mara nyingi mzee huyo hajapata kula chakula kimoja na mtu wa ukoo ule tangu enzi za vijiji vya ujamaa.

Kwa hiyo kikundi cha wasafiri kisiwe cha ukoo mmoja. Wachanganywe makusudi, na ndani ya basi wasikae ukoo kwa ukoo. Ingefaa kundi la Tarime na kundi la Mugumu wakutane Butiama siku moja, wale pamoja na kusali pamoja. Mzee aliyeshika mkono wa mwenzake ili apande ngazi hawezi tena kumwita adui mbele ya wajukuu. Hilo pekee lazidi nauli.

5. Kalebu na Barzilai

Maandiko yanatupa wazee wawili, na wote wawili walikuwa na akili. Kalebu alikuwa na miaka arobaini alipokwenda kupeleleza, na alipofika themanini na mitano alikumbuka nchi aliyoikanyaga, akaomba apewe mlima uleule wa Hebroni. Alikuwa bado na nguvu, naye akapanda.

Barzilai Mgileadi alikuwa na miaka themanini. Mfalme Daudi alimwalika waende wote Yerusalemu. Barzilai alikubali kumvusha Yordani, kisha akaomba ruhusa arudi kwake, kwa maana alijua mwili wake. Lakini angalia: alimtoa Kimhamu aende badala yake.

Basi asiwepo wa kumcheka anayekwenda, wala wa kumlazimisha asiyeweza. Aliye Kalebu na apande. Aliye Barzilai na asindikize hadi kituoni, atoe swali lake, na amtume mjukuu awe macho yake. Kikundi kinachobeba wazee ishirini na wajukuu watatu ni kikundi chema.

6. Mambo ya kupanga

Fedha. Tuseme basi dogo la watu 25 ladaiwa shilingi 500,000. Viti viwili viachwe kwa wajane au wasiojiweza. Waliobaki ni 23. Kila mmoja akitoa shilingi 22,000, zapatikana 506,000, na zile 6,000 zanunua maji. Zikusanywe kidogo kidogo tangu mavuno. Mtunza fedha asome hesabu mbele ya wote kabla na baada ya safari.

Wakati. Miezi ya Julai na Agosti yafaa, kwa kuwa mvua zimepungua na kazi za shamba ni chache. Ndiyo miezi ambayo nyumbu huanza kuvuka mto Mara upande wa kaskazini wa Serengeti. Safari ya kwanza iwe ya kwenda na kurudi siku ileile, kabla ya giza.

Afya. Mwenye presha au sukari achukue dawa zake za siku mbili, hata kama safari ni ya siku moja, na kila mtu awe na kadi yake ya bima na kitambulisho cha taifa. Basi lisimame mara kwa mara penye choo, wala asiwepo wa kuona haya kuomba. Waendao hifadhini wasivae nguo za buluu wala nyeusi, kwa maana rangi hizo huvuta mbung'o.

Kiongozi. Awepo mmoja wa kuhesabu watu kila wanaposhuka na kupanda. Uzee si kinga ya kupotea.

7. Kurudi na matunda

Zaburi ya 48 yawaambia watu wauzunguke Sayuni na kuihesabu minara yake, kisha yatoa sababu: wapate kusimulia kizazi kijacho. Safari haijaisha basi linapofika nyumbani. Inaisha siku wazee wanaposimama mbele ya watoto wa shule ya Jumapili, kila mmoja akajibu swali lake. Na kijana mwenye daftari zuri aandike. Mzee asipoandikwa leo, kesho tutaandika tarehe ya mazishi yake tu.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu ni mahali gani ambapo mzee akifikishwa atakumbuka historia?
2. Ni taarifa gani juu ya jirani zetu tumezirithi bila kwenda kuziona wenyewe?
3. Kwa mwaka huu, mimi ni Kalebu au ni Barzilai? Kimhamu wangu ni nani?
4. Ni nani katika mtaa wetu asiyetoka nyumbani, naye hatujamwuliza sababu?

Sala

Ee Mungu wa Ibrahimu, uliyemwita safarini hali amekuwa mzee, wape wazee wetu macho ya kuona, ulimi wa kusema kweli, na wenzi wa kutembea nao. Uwalinde njiani, uwarudishe salama, na uwape watoto wetu masikio ya kuwasikiliza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.