Somo la Nyumbani: Rangi ya Leso Imfaayo Mama Mtu Mzima

Mkulima hodari hapandi mbegu shamba zima kabla ya kuijaribu. Basi kwa nini fedha za korosho au mahindi zitolewe dukani kwa leso isiyojaribiwa?

Mimi karani nilifanya kosa hilo. Nilitoka hapa Magongo, nikavuka Makupa mpaka Mtaa wa Biashara, nikamnunulia mama yangu leso ya manjano makali kwa kuwa ilipendeza chini ya taa. Mama alinishukuru. Akajitanda siku moja, jirani akamwuliza kama anaumwa. Tangu hapo leso ile imo sandukuni.

Sababu ni hii. Kitambaa kilicho karibu na uso huutupia uso mwanga wa rangi yake. Kijana ana nywele nyeusi zinazouzunguka uso kama mpaka wa shamba. Rangi kali haimshindi. Mvi zikiingia, mpaka ule hufifia, na leso kali huonekana kuliko mwenyewe. Kwa hiyo fuateni hatua hizi:

1. Ipelekeni leso mlangoni, penye mwanga wa mchana. Taa ya dukani hudanganya.

2. Tazameni pindo kabla ya mji. Wengi huchagua kwa maua ya katikati, lakini mama akijitanda, pindo ndilo linalokaa kwenye paji la uso.

3. Mwenzenu afumbe macho, kisha afumbue. Akiona uso kwanza, nunueni. Akiona leso kwanza, irudisheni.

4. Someni jina la leso. Maneno ya mafumbo na ugomvi hayamstahi mama mwenye wajukuu, hata rangi ikiwa nzuri namna gani.

5. Ifueni mara ya kwanza peke yake, kwa maji baridi, muianike kivulini. Jua kali hula rangi.

Rangi zinazowafaa wengi ni buluu iliyoiva, kijani cha majani ya mwembe, zambarau na damu ya mzee. Weupe kidogo kwenye pindo huangaza uso. Hata kisutu, leso ya kale ya harusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, haimkatai mtu mzima. Wauzaji wa Mombasa wana uzoefu mrefu. Jina la Mali ya Abdulla, la Kaderdina Hajee Essak, lina historia tangu 1887. Waulizeni bila haya.

Hizi si sheria. Mama apendaye manjano asinyimwe: aifunge kiunoni, na mabegani ajitande leso tulivu. Ndivyo mama yangu atakavyofanya Idi ijayo, na leso ile itatoka sandukuni.

Maswali ya kujipima: Kwa nini pindo hutazamwa kwanza? Je, nyumbani kwenu kuna leso ngapi zisizovaliwa, na zingeweza kuvaliwa vipi?