Girisi ya Magurudumu ya Gari la Ng'ombe na ya Tela

Mkulima wa Nkololo hutumia miezi mingi kulima pamba, kupalilia, kupiga dawa na kuchuma. Basi ni hasara kubwa ikiwa gurudumu litakwama njiani, gari limejaa mzigo na maksai wamechoka. Magari mengi ya ng'ombe hutengenezwa kwa ekseli kuukuu za motokaa, na ekseli hizo zina beringi zinazohitaji girisi. Beringi hukingwa na sili, yaani duara ya mpira inayozuia girisi isitoke na tope lisiingie.

Watu wengi wakiona girisi inavuja gurudumuni hudhani kwamba imepungua, nao huongeza nyingine. Hilo ni kosa. Mara nyingi girisi huvuja kwa sababu imejazwa kupita kiasi, au imechanganywa aina mbili, au sili imechakaa.

Kuchagua girisi

Nunua girisi ya magurudumu ya aina ya lithiamu, namba 2. Namba hii huonyesha ugumu wake. Girisi ya kawaida ya kalsiamu huvumilia maji, nayo hulifaa gari la ng'ombe liendalo polepole. Lakini huyeyuka mapema ikipata joto, kwa hiyo usiitie katika tela linalovutwa na trekta. Usichague kwa kutazama rangi, bali soma maandishi ya kopo. Oili chafu ya injini haifai kabisa, kwani hutiririka na kuacha beringi kavu.

Usichanganye girisi mpya na ya zamani usiyoijua aina yake. Aina nyingine zikikutana hulainika na kuvuja hata kama sili ni nzima.

Namna ya kutia

1. Inua gari kwa jeki, ulitegemeze juu ya gogo imara, kisha uzuie gurudumu la pili. Usitegemee jeki peke yake.

2. Toa beringi, uzioshe kwa mafuta ya taa mbali na moto, uzikaushe kwa kitambaa safi. Beringi yenye mashimo, kutu au rangi ya kuungua itupwe.

3. Tazama mahali sili inapozunguka juu ya ekseli. Pakiwa na kutu au mikwaruzo, palainishwe kwanza. La sivyo hata sili mpya itavuja.

4. Weka girisi katika kiganja kisafi, ukandamize upande mpana wa beringi ndani yake, mpaka girisi itokeze upande wa pili.

5. Katika nafasi iliyo kati ya beringi mbili, tia girisi kadiri ya theluthi moja tu. Girisi ikijaa kabisa hukosa nafasi ya kutanuka ipatapo joto, nayo husukuma sili.

6. Paka girisi kidogo kwenye mdomo wa sili. Upande wenye springi uelekee ndani. Igonge polepole kwa kipande cha mbao, iingie sawasawa bila kupinda.

7. Kaza nati huku ukizungusha gurudumu, kisha uilegeze kidogo, mpaka gurudumu lizunguke kwa urahisi bila kuchezacheza. Tia pini mpya.

Kukagua

Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, gusa kitovu cha gurudumu kwa uangalifu. Joto kidogo si neno. Lakini kikiwa cha moto hata mkono hauwezi kukaa, simama utafute sababu.

Udongo mweusi wa mbuga hushika maji sana wakati wa mvua. Gari likizama katika tope mpaka kitovuni, fungua beringi upesi utazame. Girisi yenye rangi ya maziwa imeingia maji, nayo iondolewe yote.

Fanya kazi hii mvua zinapokwisha, kabla ya kuanza kusafirisha pamba. Girisi ya kiasi, safi na ya aina moja, hulinda beringi kuliko kopo zima lililojazwa ovyo.